Shauri la Wengi na Akili ya Mmoja

Wazee wetu walituachia methali nyingi juu ya shauri, na methali hizo hazikubaliani zote. Moja yasema, Wengi wape. Ya pili yasema, Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ya tatu, ambayo aghalabu husemwa kwa kicheko lakini ina uchungu ndani yake, yasema, Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Mwanafunzi akiziweka methali hizi tatu pamoja ataona kuwa zote zalizunguka swali moja: mtu akiwa miongoni mwa wenzake, na wenzake wote wakasema neno moja, je, yampasa kuwafuata, au yampasa kulishika analoliona kwa jicho lake mwenyewe?

Swali hili si la wazee wa baraza peke yao. Wabunge hulikuta wanapotunga sheria, madaktari wanapojadili ugonjwa, halmashauri ya shule inapogawa fedha, na wanafunzi wanapokubaliana usiku bwenini juu ya jambo watakalofanya asubuhi. Katika insha hii nitajaribu kuonyesha ya kwamba wingi wa watu una hekima kweli, lakini hekima hiyo ina sharti lake. Sharti hilo likivunjwa, sauti huwa nyingi na akili huwa ya mmoja.

Tuanze na sifa ya wengi, maana ni haki kumsifu mtu kabla ya kumlaumu. Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukisia uzito wa ng'ombe dume, yaani uzito atakaokuwa nao baada ya kuchinjwa na kutengenezwa tayari kwa kuuzwa. Kila aliyetaka kushindana alinunua tikiti, akaandika juu yake makisio yake, akairudisha. Mtaalamu mmoja, Francis Galton, aliziomba tikiti hizo baada ya mashindano, akapata 787 zilizofaa kuhesabiwa. Baadhi ya washindani walikuwa wachinjaji na wafugaji. Wengine hawakuwa na ujuzi wowote wa ng'ombe. Galton aliyapanga makisio yote tangu dogo hadi kubwa, akalitazama lililokuwa katikati kabisa. Lilikuwa ratili 1,207. Uzito wa kweli ulikuwa ratili 1,198. Kundi zima lilikosea kwa ratili 9 tu, yaani pungufu ya moja katika mia.

Kwa nini kundi lile lilikaribia kweli namna ile? Aliyezidisha alisawazishwa na aliyepunguza. Makosa yao yalikwenda huku na huku, yakafutana, na kilichobaki kilikuwa ni ile chembe ya ujuzi aliyokuwa nayo kila mmoja wao. Lakini liangalie vizuri jambo hili: kila mtu aliandika lake. Tuseme mchinjaji mmoja mashuhuri angalisimama juu ya sanduku kabla ya watu kuandika, akatangaza kwa sauti kuu, "Ng'ombe huyu ana ratili 1,500!" Wengi wangaliandika karibu na 1,500, kila mmoja akimheshimu yeye na kuuonea haya ujinga wake mwenyewe. Makosa yao yangalikwenda upande mmoja, na tikiti zile 787 zingalikuwa maoni ya mchinjaji mmoja yaliyoandikwa mara 787. Basi hili ndilo sharti la hekima ya wengi: kila mmoja afikiri kwanza kwa akili yake, ndipo mafikara yao yakutane.

Huenda mwanafunzi akasema, "Mimi siwezi kudanganywa na sauti ya watu. Nikiona cheupe nitasema cheupe." Jambo hili lilipimwa. Kuanzia mwaka 1951, mtaalamu wa elimu ya nafsi, Solomon Asch, alifanya majaribio huko Marekani. Aliketisha vijana kadhaa chumbani, akawaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu ya urefu mbalimbali, akawauliza ni upi katika hiyo mitatu uliolingana na ule wa kwanza. Swali lilikuwa rahisi hata mtu akiulizwa peke yake hakosei karibu kamwe. Walakini katika chumba kile kijana mmoja tu ndiye aliyekuwa akijaribiwa. Wengine wote walikuwa wamepatana na Asch kwa siri kutoa jibu la uongo, na yule mmoja aliwekwa akae mahali ambapo zamu yake itafika wengi wakiwa wamekwisha kujibu.

Katika majaribio hayo, kiasi cha theluthi moja ya majibu ya wale waliojaribiwa yalifuata uongo wa wengi. Watu watatu katika kila wanne walikubali uongo walau mara moja. Mmoja katika wanne hakukubali hata mara moja. Walipoulizwa baadaye, wengine walisema waliona kweli lakini hawakutaka kuonekana tofauti. Wengine walisema walianza kuyashuku macho yao. Tusiwacheke, maana kumwamini mwenzio si upumbavu. Mtu akiona watu sita wanakimbia kutoka sokoni, hana budi kukimbia kwanza na kuuliza sababu baadaye. Lakini tabia hiyo hiyo inayotuokoa sokoni ndiyo inayotufanya tuseme kuwa mstari mfupi ni mrefu.

Asch alipata jambo jingine, nalo ni la kutia moyo. Alipomweka chumbani mtu mmoja tu wa kusema kweli kabla ya zamu ya yule anayejaribiwa, nguvu ya wengi ilivunjika. Majibu ya uongo yalipungua hadi kufikia kama robo ya yale ya kwanza. Fikiri maana yake: hakuhitajika mhubiri, wala kiongozi, wala jeshi. Alihitajika mtu mmoja aliyesema alichokiona.

Huo ni udhaifu wa kwanza, nao hutoka nje, kwa wenzetu. Kuna udhaifu wa pili ambao hutoka ndani yetu wenyewe hata tukiwa peke yetu. Akili ya binadamu ikisha kupenda wazo hulitafutia mashahidi, na mashahidi wa upande wa pili haiwaiti. Mwaka 1960 mtaalamu Peter Wason wa London aliwaambia watu ya kwamba hesabu 2, 4, 6 zimefuata kanuni fulani aliyoificha. Wao watoe hesabu tatu tatu nyingine, naye atawaambia kama zafuata kanuni hiyo, mpaka waitambue. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili mbili, wakajaribu 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24. Kila mara wakaambiwa naam, zafuata. Wakatangaza kanuni yao kwa furaha, nao walikuwa wamekosea. Kanuni ilikuwa hesabu zozote tatu zinazopanda, hata 1, 7, 300. Ingalitosha kwao kujaribu hesabu zisizokubaliana na wazo lao; lakini watu walipenda kusikia "naam", wala hawakuuliza swali ambalo jibu lake laweza kuwa "la".

Udhaifu huu wa aina mbili unapokutana katika chumba kimoja, msiba huwa karibu. Mfano mmoja wajulikana sana kwa kuwa ulichunguzwa na tume ya taifa. Jioni ya tarehe 27 Januari 1986, NASA, shirika la Marekani la safari za angani, lilikuwa likijitayarisha kurusha chombo kiitwacho Challenger. Kingechukua watu 7, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, aliyechaguliwa awafundishe watoto masomo akiwa huko juu. Usiku huo baridi kali iliingia Florida. Wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi za kukisukuma chombo, waliingiwa na hofu. Roketi hizo zilijengwa kwa vipande vilivyounganishwa, na maungio yake yalizibwa kwa pete za mpira ili moto usipenye. Mpira ukipata baridi hukakamaa. Katika mkutano wa simu wahandisi walishauri kuwa chombo kisiruke ikiwa joto la pete zile ni chini ya digrii 12 za Selsiasi, kwa sababu hiyo ndiyo baridi kubwa kupita zote zilizopata kukutwa katika safari zilizotangulia.

Maofisa wa NASA hawakupendezwa. Safari ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara kadhaa. Wakataka ushahidi wa nguvu zaidi. Viongozi wa kampuni waliomba muda wa kuzungumza peke yao, na katika mazungumzo hayo mkubwa mmoja alimwambia msimamizi wa wahandisi avue kofia ya uhandisi avae kofia ya uongozi. Wahandisi wawili walipinga mpaka walipoona hakuna anayewasikia, wakanyamaza. Kampuni ikarudi katika simu ikasema chombo chaweza kuruka. Pakaulizwa kama yupo mwenye neno jingine. Hakuna aliyejibu. Asubuhi ya tarehe 28, joto likiwa karibu digrii 2, Challenger iliruka. Na baada ya sekunde 73 ilivunjika angani, na watu wote 7 wakafa.

Hapo tumeuona udhaifu wa kwanza: watu wenye ujuzi walisukumwa mpaka wakanyamaza. Udhaifu wa pili ulikuwa katika hesabu zao. Walipozungumza juu ya baridi, walitazama zile safari ambazo pete ziliharibika. Miongoni mwa safari hizo, baadhi zilikuwa za siku za baridi na baadhi za siku za joto, hata ikaonekana kana kwamba hali ya hewa haina neno. Hawakuziweka kando yake safari ambazo pete hazikupatwa na dhara. Tume ilipozihesabu zote ilikuta hivi: katika safari 20 zilizoruka wakati pete zina joto la digrii 19 au zaidi, ni 3 tu zilizopata dhara, katika safari 4 zilizoruka joto likiwa chini ya hapo, zote 4 zilipata dhara. Ushahidi ulikuwapo siku zote katika makabati yao. Haukuulizwa.

Watu hawa hawakuwa wajinga wala wabaya. Na hii ndiyo sababu habari yao yatuhusu. Kama msiba ungaliletwa na wajinga, tungalisema, "Sisi tumesoma." Kama ungaliletwa na wabaya, tungalisema, "Sisi ni wema." Lakini waliokaa katika mkutano ule walikuwa wasomi hodari, wanaoheshimiana, wenye haraka ya kumaliza kazi yao, na watu wa namna hiyo ndio tunaowasifu, ndio tunaotamani kuwa.

Je, kundi lenye udhaifu huu laweza kujirekebisha? Historia ya Marekani yatupa ushahidi kuwa laweza. Mwezi wa Aprili 1961, Rais John Kennedy na washauri wake walikubali mpango wa kuwashusha watu wapatao 1,400, Wakuba waliokimbia nchi yao, katika Ghuba ya Nguruwe nchini Kuba ili waipindue serikali ya Fidel Castro. Kwa muda wa siku tatu jeshi hilo lilishindwa, na zaidi ya watu 1,100 wakatekwa. Mmoja wa washauri, Arthur Schlesinger, alikuwa na shaka na alimwandikia rais shaka zake. Lakini katika mikutano, mbele ya wenzake, karibu hakusema neno. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1965 alijilaumu kwa ukimya huo. Mwaka 1972 mtaalamu Irving Janis alieleza ya kwamba kundi la watu wanaopendana na kuaminiana laweza kuuthamini umoja wao hata likaacha kuyapima mambo, na kila mmoja huuchukulia ukimya wa mwenzake kuwa ni kukubali.

Mwaka mmoja na nusu baada ya kushindwa huko, mwezi wa Oktoba 1962, rais yule yule, akiwa na baadhi ya washauri wale wale, alipata habari kuwa Urusi imeweka makombora huko Kuba. Mara hii mashauri yaliendeshwa kwa namna nyingine. Washauri waligawanywa katika vikundi vidogo, kila kikundi kikaandika shauri lake, kisha vikapeana maandishi ili vikosoane. Rais mwenyewe alikosa baadhi ya mikutano makusudi, ili watu wasiseme yale wanayodhani yeye angependa kuyasikia. Siku za kwanza wengi walielekea kupiga Kuba kwa ndege. Mwisho walichagua kuizunguka kwa manowari, na baada ya siku 13 hatari ya vita ilipita bila mabomu ya atomiki kutumiwa. Akili za watu wale hazikubadilika sana katika mwaka ule mmoja na nusu. Kilichobadilika zaidi ni desturi ya kushauriana.

Sasa msomaji aweza kuniuliza, "Je, si kweli ya kwamba umoja ni nguvu? Kila mtu akishika lake, kazi itafanyika lini?" Swali hili ni la haki. Jahazi haliendi kwa manahodha kumi. Lakini mabaharia wenye busara hubishana juu ya upepo na mwamba kabla ya kung'oa nanga, na wakisha kung'oa huvuta kamba pamoja. Umoja wa kazi ni jambo jema. Umoja wa kazi usigeuzwe kuwa ukimya wa shauri. Wala simsifu mtu apingaye kila neno ili aonekane hodari. Yeye naye ni mtumwa wa kundi, kwa kuwa hutazama kwanza wengine wamesema nini, ndipo ajue lake. Mtu huru hukubali panapofaa kukubali na hukataa panapofaa kukataa, na hutoa sababu katika hali zote mbili.

Hata methali ya wenye chongo ina mahali pake. Ukiwa mgeni, katika chakula, mavazi na salamu, yafaa ufuate desturi ya wenyeji, maana hayo ni mambo ya adabu. Lakini iwapo wenyeji wanaelekea shimoni, na wewe peke yako ndiye mwenye macho mawili, kulivunja jicho lako si adabu tena. Umewanyang'anya kitu pekee ambacho kingaliwafaa.

Mambo haya yako karibu nasi kuliko Florida na Kuba. Fikiri bweni la wavulana 60. Usiku mmoja wawili wanasema kwa hasira ya kwamba kesho darasani haendi mtu, na kwamba kitu fulani lazima kiharibiwe ili wakubwa wasikie. Yamkini 50 kati yao mioyoni mwao waona jambo hilo si la busara. Lakini kila mmoja awatazama 49 wengine, aona wamekaa kimya, adhani wamekubali. Naye akaa kimya. Na kimya chake chaongezwa katika hesabu ya kukubali. Hivyo jambo lisilotakwa na wengi hufanywa kwa jina la wengi. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 za nchi yetu ziliingia katika habari kwa ajili ya mabweni na majengo yaliyochomwa moto. Sisemi mioto ile yote ilikuwa na sababu moja, wala sisemi wanafunzi hawana malalamiko ya haki. Nasema tu ya kwamba malalamiko ya haki yapaswa kupata shauri la haki, na shauri la gizani, ambamo wawili husema na 50 hunyamaza, si shauri.

Zipo desturi nyepesi za kulinda shauri, na kikao chochote cha wanafunzi chaweza kuzishika. Kabla ya mazungumzo, kila mmoja aandike maoni yake katika karatasi bila jina, nazo zisomwe zote; ndivyo tikiti za Plymouth zilivyofanya kazi yake. Mdogo aseme kwanza na mkubwa aseme mwisho. Sheria za kale za Wayahudi ziliamuru hivyo katika kesi za kifo: waamuzi wadogo walianza kutoa maoni, wasije wakaogopa kumpinga mkubwa. Mtu mmoja apewe kazi ya kutafuta kasoro za mpango, na mtu huyo abadilishwe kila mara, ili asichukiwe kwa kazi aliyotumwa. Na kabla ya kura, mwenyekiti aulize swali hili: "Ni jambo gani, tukiliona, litatuonyesha kuwa tumekosea?" Kikao kisichoweza kulijibu swali hilo hakijalifahamu jambo lenyewe.

Lakini desturi hazitoshi bila moyo wa mtu mmoja mmoja, maana hata karatasi yaweza kuandikwa yale yanayopendwa na wengi. Ndiyo sababu hili ni jambo la maadili pamoja na kuwa jambo la akili. Mwenzako akikuuliza njia nawe wajua kuwa mto umefurika, huwezi kunyamaza ukasema hukumdhuru. Vivyo hivyo mwenye shaka iliyo na sababu amechukua amana ya wenzake. Akiisema kwa upole na kwa sababu zake, ameirudisha amana, hata wasipomsikiliza. Akiificha ili apendwe, ameila.

Methali yatuambia, Msema kweli hana wajoli. Mara nyingi ndivyo. Hata hivyo yule mmoja aliyesema kweli katika chumba cha Asch hakubaki peke yake kwa muda mrefu. Aliyeketi baada yake alikuwa ameuona mstari ule ule, naye alikuwa akingoja mtu wa kuanza.